Sofia, na Karatasi Tupu

Emerance ni mkali, na sisi tunaochapa barua za watu pamoja naye hapa mtaani Kasuku tumemzoea. Ukifunga programu moja kabla nyingine haijapokea maneno uliyonakili, utasikia sauti yake hadi barabarani. Nilikuwa namcheka, tena kuliko wote.

Wakati wa vita aliendesha foni, ile redio ya kuongea na mbali. Watu walipanga mstari hapa, wenzao wakapanga kule Pangi, ambako mumewe Jules ndiye aliyejibu. Redio haikuhifadhi neno lolote. Asubuhi moja Emerance aliita Pangi, kimya. Aliita wiki nzima, na Jules hajajibu mpaka leo.

Mwezi uliopita alikuja Papa Ferdinand, mkulima wa Pangi. Watoto wake watatu waliuawa vitani. Alitaka vifo vyao viandikwe, visomwe kanisani angali hai. Kompyuta yetu ya mfumo wa Linux ni kuukuu, na programu ya barua huchelewa kufunguka, kwa hiyo mwenzetu Mamy alianza kuchapa kwenye programu ndogo. Mzee alisimulia Mardochée, akasimulia Anne. Alipofika kwa Sofia, kitinda mimba, alishika meza kwa mikono miwili. Mimi nilitazama chini.

Alipomaliza, Mamy alinakili yote, akafunga programu ndogo bila kuhifadhi, akabandika kwenye barua. Hakuna kitu.

"Lakini nilikuwa nimeisha kopye, mama!"

"Kopye haibebe kitu," Emerance alisema. Hakupaza sauti, nami nikaogopa. "Ile ya kwanza inasema tu: miye niko nayo. Ya barua ikitaka, inaiomba. Sasa umeifunga. Nani atajibu?"

Kisha akamgeukia mzee. "Papa, utusamehe. Tunaomba urudilie."

Ferdinand alirudia. Mardochée. Anne. Akaishia hapo.

"Na Sofia, papa?" Emerance aliuliza.

"Ule nimesema mara moja. Sina nguvu tena."

Mamy alikuwa analia. "Papa, miye nilisikia. Niandike?"

"Hapana. Andika jina tu."

Jumapili nilikwenda kanisani. Padri alisoma jinsi Mardochée alivyokufa, akasoma jinsi Anne alivyokufa. Kisha akasoma: Sofia. Akageuza karatasi, akatazama upande wa pili.