Hukumu za Ardith Kvamme

Ardith Kvamme ni mwanamke aliyefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika maabara ya mifugo, akipima damu ya bata mzinga, na alipostaafu akauhamishia ukali wake kwenye vitabu. Maktaba ya hapa Torvik, Minnesota, ninayoiendesha mimi, ni chumba kimoja nyuma ya kituo cha zimamoto. Rafu inayopendwa kuliko zote si ya dini wala ya mapishi. Ni ile ya riwaya za ugaidi wa vijidudu: mwendawazimu mmoja mwenye chupa ndogo, mji mmoja mkubwa, na siku tatu za kuokoa dunia. Baridi yetu inakaa miezi sita, na nadhani watu hufarijika kusoma kwamba kuna mahali mambo yameharibika zaidi.

Shida ya vitabu hivyo ni kwamba majalada yake yanafanana kama mayai. Mtu anaazima, anafika katikati, ndipo anakumbuka alishakisoma mwaka juzi. Nilipochoka kulaumiwa mimi, nikabandika karatasi ya maoni ndani ya jalada la nyuma la kila kimoja, kila msomaji aandike alichokiona na atie sahihi. Tangu hapo kazi yangu imekuwa tamu. Mmoja aliandika, "Mbwa hafi. Someni bila wasiwasi." Mwingine akaandika, "Tangu nisome hiki sishiki kitasa cha mlango wa benki, nasukuma kwa kiwiko." Marlys wa posta, ambaye hajawahi kuficha jambo maishani mwake, anapenda kuandika jina la mwovu kwenye mstari wa kwanza, na nimemwonya mara tatu.

Lakini hukumu iliyoogopwa ilikuwa ya Ardith. "Daktari anavua glovu kwa meno. Takataka." "Wanasayansi wanakula sandwichi juu ya meza ya vipimo. Hawa walistahili kufa." Kitabu kikishaandikwa hivyo na Ardith, kilikaa rafuni hadi kikaota vumbi. Kwa miaka sita mji mzima ulichagua vitabu kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, naye alilijua hilo na likampa raha, ingawa hakulisema.

Sasa nitoboe siri niliyoitunza miaka yote hiyo, maana kwetu sisi wa maktaba kusema mtu amesoma nini ni mwiko. Ardith alikuwa hamalizi vitabu. Akikutana na kosa la kwanza la maabara, anafunga, anaandika hukumu, anarudisha. Mimi nilijua kwa sababu alikuwa akisoma huku anakula, na alama zake za siagi zilikoma ukurasa wa thelathini, wa arobaini, mara chache sana hamsini. Baada ya hapo karatasi safi. Sikusema kitu. Nilijiambia kwamba nusu ya vitabu vile havikustahili hata hizo kurasa thelathini.

Ndipo Lowell Brandvold akaandika chake.

Lowell aliendesha lori la gesi, akijaza mitungi ya mashamba yote ya wilaya hii hadi magoti yalipogoma. Alifiwa na mkewe miaka saba iliyopita, ni mpole, na msomaji asiye na kinyongo: kila kitabu kwake ni kizuri, hata kile ambacho mwandishi alisahau alishamuua gavana. Alhamisi, kundi letu la wasomaji likikutana saa nane mchana, yeye na Ardith ndio walikuwa burudani. Ardith anachana, Lowell anashona. Majira mawili ya baridi mfululizo hakutuambia lolote, kumbe yuko jikoni kwake anapiga chapa kitabu. Mwezi wa kwanza akaja na nakala ishirini zilizofungwa kwenye duka la fotokopi, *Homa ya Shamba Namba Tisa*, akatugawia moja moja na moja akaiachia rafu.

Wacha niseme ukweli: si kitabu kibaya. Mwovu anaambukiza bata mzinga kabla ya sikukuu ya Shukrani, siku ambayo kila nyumba hula bata mzinga, ili nchi nzima iangukie mezani. Anayegundua ni Daktari Edna, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mpima damu wa maabara ndogo ambayo wakubwa hawaisikilizi. Anayemwamini ni dereva mmoja wa lori la gesi. Nilipofika ukurasa wa ishirini nilikuwa nacheka peke yangu. Nilipofika wa mwisho, mia tatu na kumi na mbili, nilikiweka kitabu chini nikaenda kuchemsha kahawa ambayo sikuihitaji. Dunia imeokoka, hao wawili wamekaa ndani ya lori, na dereva anasema, "Nina nyumba ya vyumba vinne na natumia viwili. Ungehamia?" Basi. Kitabu kimeisha. Edna hajibu.

Ile nakala ya rafu ilizunguka mji ndani ya wiki mbili, na karatasi ya nyuma ikajaa. "Kitabu hakina mwisho. Alijibu nini?" "Mwandishi atuambie." Chini yake Marlys akaandika, "Mwandishi naye anasubiri kuambiwa." Kila mtu Torvik alijua Edna ni nani na dereva ni nani. Kila mtu alijua pia kwamba binti yake Lowell anamtaka baba yake ahamie kwake Arizona kwenye jua, na kwamba Lowell amemwambia asubiri kidogo, ana jambo la kulimaliza kwanza. Asiyejua alikuwa mmoja tu, Ardith mwenyewe. Nakala yake aliirudisha kwangu siku ya nne, nikakuta alama ya kahawa ukurasa wa arobaini na moja, na kuanzia wa arobaini na mbili kurasa zilikuwa bado zimeshikana kwa gundi ya duka.

Alhamisi ikafika. Nilipika kahawa kali, Marlys akaleta keki, Lowell akaja amevaa shati la kanisani.

"Haya, Ardith," akasema Lowell, mikono juu ya magoti. "Nichane."

"Ukurasa wa arobaini na moja," akaanza Ardith, "daktari anapokea simu akiwa bado amevaa glovu. Glovu zina damu ya ndege mgonjwa, halafu anaishika simu. Lowell, si ungeniuliza tu?"

"Ningekuuliza, ungejua naandika."

"Na huyo Edna wako. Mjuaji, mrefu kama mlingoti, hana neno zuri kwa mtu. Nani ataamini kuna mwanamume anampelekea supu?"

Marlys alipaliwa na keki hadi nikamletea maji.

"Mimi naamini," akasema Lowell.

"Wewe unaamini kila kitu, ndiyo taabu yako."

Marlys akafuta midomo. Hana aibu huyo mama. "Na mwisho je, Ardith? Mwisho wenyewe umeuonaje?"

Nilimwona Ardith akisita. Nukta moja tu, lakini mimi nilikuwa namtazama yeye. "Kama miisho yote," akasema. "Umeharakishwa."

Lowell akakiweka kikombe chake mezani. "Miaka miwili na bado nimeharakisha," akasema, akajaribu kucheka. Kisha akatuambia kwamba binti yake anakuja Jumamosi na gari kubwa, na kwamba atapita asubuhi kurudisha vitabu vyake. Akatushukuru kwa Alhamisi zote. Hakumaliza keki yake, na Lowell si mtu wa kuacha keki.

Nilikasirika hadi masikio yakawa moto. Wengine walipoondoka nikamshika Ardith koti.

"Kaa kwanza."

"Nina nyama kwenye oveni, Corinne."

"Iungue." Nikaweka nakala yake mezani, nikaifungua pale kahawa ilipomwagika. "Hapa uliishia. Geuza ukurasa. Haufunguki, umeona? Hukukimaliza. Na vile vingine vyote hukuvimaliza, nimejua miaka sita."

Uso ukamshuka. Nilidhani angenifokea, na ningependelea hivyo. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Ukisema, nimekwisha. Unaelewa? Mimi sina watoto, sina bustani, sijui kuimba. Nina vile vikaratasi basi."

Hapo hasira yangu ilipungua nusu, lakini nusu iliyobaki ilitosha. "Kuna kitu ukurasa wa mwisho," nikasema.

"Kitu gani?"

"Kakisome."

"Si uniambie tu, mwenzangu, tuokoe muda."

"Sikuambii ng'o. Na uanzie arobaini na mbili, usirukie."

Akakitia kitabu ndani ya koti akaondoka bila kuaga. Ijumaa hakuna aliyemwona. Marlys aliniarifu mara mbili kwa simu kwamba Ardith hajachukua barua zake, jambo ambalo halijatokea tangu alipovunjika nyonga.

Jumamosi kulikuwa na baridi ya kukatisha pumzi. Lowell aliingia saa nne na nusu na vitabu vitatu. Nje, binti yake alikuwa ameegesha gari likinguruma, sanduku la mwisho likionekana nyuma ya kioo. Nilivuta kila sekunde niliyoweza: nikakagua kila jalada, nikamuuliza habari za magoti, nikajifanya kompyuta imekwama. Marlys, ambaye alikuwa amekuja "kusoma gazeti", alikuwa amelishika gazeti lenyewe kichwa chini.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Ardith na theluji mabegani. Hakumsalimu mtu. Alikwenda rafuni, akaitoa ile nakala ya mji, akaniomba gundi. Akabandika karatasi mpya juu ya ile iliyojaa, akaisugua kwa kiganja hadi ikalala sawa, kisha akamsogezea Lowell. Lowell akavaa miwani yake. Mimi sikuona haya, nilisimama nyuma yake nikasoma.

"Miaka sita nimehukumu vitabu nisivyovimaliza. Hiki nimekimaliza. Makosa ya maabara: kumi na saba. Edna si mjuaji, alikuwa sahihi kila mara. Ukurasa wa 312: ndiyo. Lakini jikoni nitapanga mimi. A. Kvamme."

Lowell alivua miwani, akaivaa tena, akasoma upya.

"Basi ndiyo hivyo," akasema Ardith, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila mtu atasoma. Kuanzia Jumatatu hakuna atakayeniamini tena."

"Ardith," akasema Lowell kwa upole, "mji mzima unajua humalizi vitabu."

Niligeuka kumtazama Marlys. Marlys akainua mabega. "Tangu mwaka ule wa kwanza," akasema. "Tunasoma vikaratasi vyako kwa sababu vinachekesha." Miaka sita nimekaa na siri hiyo kama yai la moto mdomoni, na hakuna aliyefikiria kuniambia.

Ardith alikaa kwenye kiti cha karibu. "Ulijua," akamwambia Lowell. "Ulijua siwezi kufika huko, na swali ukaliweka ukurasa wa mwisho?"

"Ningeliweka mwanzoni ungelijibu siku hiyohiyo," akasema Lowell. "Sikuwa tayari kusikia. Nikasema, akiweza kunivumilia kurasa mia tatu, ataweza na nyumba. Halafu Alhamisi ukasema umeharakishwa, nikashindwa kujua kama umenikataa au hukufika. Na nikaogopa kuuliza."

"Nilikuwa sijafika," akasema Ardith.

"Sasa naona."

Akakifunga kitabu, akanikabidhi, akatoka nje kumwambia binti yake azime gari.