Bi Mwanapili na Wana wa Hawa

Kibao cha makaburi ya Mkaleni kimepakwa rangi mara nyingi kuliko skuli ya kijiji. Ofisi moja ya mjini hukileta kimeandikwa MAKABURI YA WANAHEWA, na gari halijafika barabara ya lami watu wameshaliona kosa. Waandishi wa mjini, wanasema hapa, wamesoma sana, ndiyo maana wanaruka herufi. Anaitwa mtu mwenye brashi ya kupakia rangi ngalawa, na kibao kinasahihishwa: MAKABURI YA WANA WA HAWA. Mwaka unaofuata ofisi inasahihisha masahihisho. Kijiji, ambacho hakina haraka, kinangoja gari liondoke.

Walioko chini ya kibao ni vijana watatu wa Kiingereza, askari wa angani. Ndege yao ilianguka mwambani wakati wa vita vikuu vya pili, vita ambavyo Mkaleni haikuvitangaza wala haikuarifiwa vilipokwisha. Bahari iliwaleta pwani mmoja mmoja, imeshawavua kila kitu ambacho kingeweza kueleza wao ni nani. Kukazuka mjadala wa dini yao. Palikuwa na njia ya kuumaliza, lakini ilihitaji ukaguzi ambao hakuna mwanamume aliyejitolea kuufanya. Basi wakaoshwa, wakakafiniwa na kuzikwa kama watu, na mambo mengine akaachiwa Mwenyewe anayejua.

Tatizo likaja kwenye talkini. Maiti akishafukiwa huitwa kwa jina la mama yake, na mwalimu wa siku hizo akageuka akauliza, kama ada, "Mama yake nani?" Watu wakatazama miguu yao. Mama asipojulikana, ada inasema maiti huitwa mwana wa Hawa, kwani Bibi Hawa ni mama yetu sote. Mwalimu akawaita hivyo wote watatu. Nyuma ya miti ya mipandani akasikika mwanamke analia. Alikuwa Bi Mize, mvuvi wa pweza, aliyemkuta wa kwanza wao kwenye maji ya kupwa. Wanaume wakaulizana nani yule anayelia, na mmoja akajibu, "Si ndiye Hawa mwenyewe."

Ilikuwa mzaha. Mkaleni mzaha ukishatumika mara mbili unakuwa cheo. Bi Mize alipofariki, binti yake akawa Bi Hawa, na baada ya binti akaja mjukuu, Bi Mwanapili Mcha, mkulima wa mwani, mwenye miaka sabini na goti moja linalotabiri mvua. Yeye ndiye hufagia makaburi. Kila Shaabani, watu wanaposomea wazee wao hitima kabla ya Ramadhani, yeye hupika wali wa nazi, hukaa juu ya mkeka karibu na kibao, na kijiji kizima hupita kumpa mkono wa pole. Ukimuuliza ana watoto wangapi, atakujibu, "Tisa. Sita wanakaa Ng'ambo, hawaji. Watatu wapo hapa, hawaendi."

Na watatu hao huwapa habari. Huku anafagia huwaambia kwamba mwani umeoza kwa joto la maji, kwamba jirani yake Muzdalifa kajenga ukuta mpaka katikati ya njia. Nani alishinda vita hajawaambia, kwa kuwa hawajauliza.

Mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya Shaabani, sheha alileta habari kutoka ofisi ile ile ya kibao. Vijana watahamishiwa mjini, kwenye makaburi yenye majani yaliyokatwa sawasawa. Mmoja wao, ambaye orodha ya ndege inamwita Leonadi, amepatikana jamaa yake, mama mmoja wa Kiingereza, naye keshakubali. Wale wawili, kwa kuwa hawana wa kukataa, wamehesabiwa wamekubali. Mama huyo angekuja siku ya hitima, akatie saini.

Bi Mwanapili alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Machano, imamu wa kijiji.

"Mwalimu, mtu kazikwa, kasomewa talkini, kakaa zake. Wakimfukua, husomewa nyengine?"

"Bi Hawa, suala hilo halijanifikia."

"Limeshakufikia. Limekaa barazani kwako linakunywa chai yako."

Mwalimu Machano akamwangalia, akasema kwamba wenye haki ya maiti ni jamaa zake, na jamaa akisema ahamishwe, nani mwengine ana kauli? Alilisema kwa upole. Kuna maneno ambayo upole huyazidishia uzito.

Muzdalifa hakuhangaika na upole. "Ati mwenye watoto anakuja kuwafuata," alimwambia dirishani, mikono imejaa unga. "Pole shoga. Kumbe miaka yote ulikuwa yaya."

Bi Mwanapili, ambaye kwa ukuta ule peke yake alikuwa na majibu ya kutosha mwaka mzima, hakujibu. Aliingia ndani, akakaa. Siku zilizofuata alifagia makaburi kama kawaida, lakini hakuwapa habari yoyote. Yaya hana habari za kuwapa watoto wa mwenyewe.

Siku ikafika. Gari la ofisi lilimleta Bwana Wakil, afisa mwenye tai na faili, pamoja na mgeni, Bi Heleni, mwalimu mstaafu, mrefu, mweupe, amevaa kofia ya ukili aliyouziwa Mji Mkongwe na mtu aliyemhakikishia kwamba ndivyo wanavyovaa shamba. Leonadi alikuwa kaka wa bibi yake. Hakuwahi kumwona. Alikuwa na hotuba fupi ya kuwashukuru wanakijiji, ameikunja mkobani.

Hotuba hiyo ingali imekunjwa. Bi Mwanapili alikuwa amekwishakaa mahali pake juu ya mkeka, kanga mpya, uso umefungwa kama duka siku ya Idi. Alipomwona mgeni anashuka, akanyanyuka, goti likalia, akamshika mkono, akamkalisha pale pale alipokuwa amekaa yeye. Kisha akasogea pembeni, akasimama kwenye jua.

"Bi Hawa, unakwenda wapi?" aliuliza Mwalimu Machano.

"Mfiwa mwenyewe kaja," alisema. "Nnampisha."

Basi kijiji kikapita. Mmoja mmoja, wanawake kwanza, wakainama, wakampa Bi Heleni mkono. "Pole mama." "Pole sana." "Ndiyo kazi ya Mungu." Mgeni alijaribu kusema asante, asante, kama alivyofundishwa hotelini, mpaka kikongwe mmoja akamshika mikono yote miwili akamwambia, "Tulikuwa hatujui tumpe nani pole, mwanangu. Usituone tumechelewa." Bwana Wakil akatafsiri. Miaka themanini na kitu, na watu wanaomba radhi kwa kuchelewa. Bi Heleni, aliyekuja kumshukuru mtu kwa msiba ambao hakuwahi kuuona kuwa wake, akaanza kulia kama aliyeletewa habari asubuhi ile.

Alipopata sauti alionyesha kibao. Aliuliza kimeandikwa nini.

Bwana Wakil alitazama juu. Mwenye brashi alikuwa ameshapita, kikasomeka WANA WA HAWA. Kueleza kwamba ofisi yake na kijiji wanapigana vita vya rangi tangu yeye yupo skuli kungekuwa aibu ya serikali, na joto lilikuwa kali, na tai ilikuwa tai. Akafanya ambalo mkalimani yeyote angelifanya: akatafsiri neno kwa neno. Na kwa herufi kubwa, Hawa mama yetu na hawa waliosimama hapa wanaandikwa sawasawa.

"Kinasema," alimwambia kwa Kiingereza, "haya ni makaburi ya watoto wa watu hawa."

Bi Heleni aliwatazama watu hawa. Waliokuwa foleni walijiweka sawa, kwani waliona wanatazamwa. Kisha akamtazama yule mwanamke aliyesimama juani, akauliza ni nani.

"Ndiye anayewafagilia," alisema Bwana Wakil.

"Ndiye mama yao," alisema Mwalimu Machano, kwa Kiingereza ambacho kijiji hakikujua kwamba anacho.

Muzdalifa, aliyekuwa kwenye foleni na sahani ya halua, hakusema neno, jambo ambalo lilisemwa sana baadaye.

Mgeni akajivuta upande mmoja wa mkeka. Akapapasa nafasi iliyobaki. Bi Mwanapili alitazama huku na huku, kama vile pangekuwa na Hawa mwengine, kisha akakaa. Sasa wafiwa wakawa wawili, na ada haina njia ya mkato: foleni ikabidi ianze upya. Muzdalifa alipofika akampa mkono jirani yake, akaung'ang'ania kidogo. "Pole, mama watoto," alisema. "Na ule ukuta nitauvunja. Kidogo."

"Tutaona," alisema Bi Mwanapili.

Walipokuwa wanakula, Bi Mwanapili alimgusa mgeni goti. Alikuwa na jambo moja tu la kuuliza, na alikuwa amelirithi.

"Mama yake nani?"

Swali likatafsiriwa. "Winifred," alisema Bi Heleni.

"Winfrida!" Kijiji kikachangamka, kwani Winfrida wanamjua, ni nesi wa kituo cha afya, mtu wa bara, anayewapiga watoto sindano. Wengine wakaanza kutafuta sura ya nesi katika uso wa mgeni na, kwa kuwa ukitaka kitu sana hukiona, wakaiona.

Bi Heleni alimwambia Bwana Wakil afunge faili. Leonadi, alisema, hawezi kumtoa kwao akampeleka kwa wageni. Na hao wawili, kama hawana wa kuwakatalia, basi anawakatalia yeye. Bwana Wakil alifunga faili taratibu, kwa uso wa mtu anayefikiria ripoti yenye neno "hawa" ndani yake.

Asubuhi ya pili Bi Mwanapili alikuwa makaburini na ufagio. Alikuwa na habari za mwezi mzima. Alianza na ukuta, akaja kwenye halua ya Muzdalifa, ambayo alisema ilikuwa ngumu, mwisho akasimama katikati yao, kwa kuwa nani ni nani hajui mtu.

"Leonadi, popote ulipo, mama yako anaitwa Winfrida. Nshakwambia, usije ukasema hukuambiwa."

Akafagia kidogo. Akasita.

"Na nyinyi wawili msinune. Mama yenu Hawa. Na Hawa nipo."