Roboti wa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na tamthilia anayoipenda kuliko zote ni ile ya roboti aliyepotea duniani, anayetafuta njia ya kurudi kwao kwenye nyota ya mbali. Ameifuata tangu mwanzo, lakini hajawahi kuiona. Televisheni iko nyuma ya kiti chake, na macho yake hayabanduki kwenye sindano. Yeye husikiliza tu, mguu ukikanyaga pedali taratibu kama anayebembeleza mtoto.

Jana, kabla ya sehemu ya mwisho, nilimwambia, "Shangazi, leo geuza kiti umwone huyo roboti."

"Nimwone mara ngapi? Ni kafupi, kana macho makubwa, kanatembea kama bata."

Nikacheka. "Ni jitu la chuma, Shangazi. Refu kama ghorofa."

Cherehani ikanyamaza. "Sauti nyororo vile itoke kwenye ghorofa? Usinitanie, mwanangu." Kisha akauliza polepole, "Nikimwona huyo wako, wangu ataenda wapi?"

Muziki wa mwanzo ulipoanza, aliweka kitambaa mapajani, akabaki ameelekea ukutani, akafumba macho. Na mimi nikageukia ukuta, nikafumba yangu.

Tulisikia nyayo zikipanda ngazi za chuma, mlango ukafungwa, halafu mvumo ukapaa na kufifia mbali sana.

"Kamefika," Shangazi akanong'ona.

Nami niliziona taa za kwao zikiwaka moja moja, ingawa sijui kama kwenye kioo cha televisheni ziliwaka.