Lango Lenye Wenyewe Wawili

Jirani yangu anayeuza maziwa ndiye aliyeniambia kwanza kwamba hifadhi yetu ya wanyama, huku nje ya Nakuru, sasa inaendeshwa na serikali pamoja na kampuni. Jumamosi nilipita langoni nikiwa na mtoto mgongoni, nikakuta mama mzee akiomba kuingia apalilie kaburi la mamake, aliyezikwa humo enzi za shamba la mzungu.

"Mathe, ruhusa ni ya kampuni," askari wa serikali akamwambia.

Mlinzi wa kampuni akatikisa kichwa. "Sisi ni wageni tu, tunashughulikia wanyama. Makaburi ni ya serikali."

"Mmeoana juzi na tayari mnasukumiana mtoto?" mama akawauliza.

Wakacheka. Mama hakucheka. Alishika vyuma vya lango, akautazama mgunga mmoja kule mbali, penye kaburi la mamake, pundamilia wamesimama kivulini.

"Wale wanakaa naye kila siku," akasema polepole.

Ndoa hii huenda ikawa njema, lakini mtu akibisha hodi, lazima mmoja aitike. Kesho yake asubuhi nilirudi na yule mama. Mimi, ambaye hata chumvi dukani naomba kwa kunong'ona, niliwasimamisha askari na mlinzi pamoja, nikamwambia mama aulize tena.