Homa Chini, Homa Juu

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, wala hakuchukia. Tangu usichana wake alikanda unga kwenye kiwanda kikubwa cha mikate, na kwake kukaa kitako ilikuwa adhabu. Aliwahi kwenda kazini na malaria, akaanguka juu ya magunia, akainuka mweupe pe kwa unga na kuendelea kukanda. Usipofanya kazi hulipwi. Nani angethubutu kuumwa?

Sasa sheria ilikuwa imebadilika: mgonjwa apumzike, mshahara wake usiguswe. Ila ililetwa kwa zamu. Mwaka huu viwanda vikubwa, mwakani vya kati, na karakana ndogo ndogo mwisho wa foleni, eti wenye nazo wapewe muda wajiandae. Homa haikusubiri ajiandae mtu. Ilimshika yeye na mumewe, fundi wa karakana ndogo ya kuchomelea vyuma, kwenye kitanda kimoja. Daktari akawapima wote, akawaambia wakalale.

Asubuhi mume akaanza kuvaa ovaroli, meno yakigongana.

"Baba watoto, unakwenda wapi na hali hiyo?"

"Kazini. Leo tunafunga paa la ghala."

"Upande ngazi na mwili unatetemeka hivyo?"

"Kwetu sheria haijafika, mke wangu. Wewe lala, uumwe na zamu yangu." Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Mume alipotoka, mke alilala ubavu huu, akageukia ule. Akainuka, akafagia chumba ambacho tayari kilikuwa safi. Akapika uji, haukushuka. Alikuwa na hofu, tena hofu kubwa: ndoo ya jirani ilipoanguka uani, moyo ulimlipuka akamwona akilini mumewe kaanguka chini. Hatimaye alivaa sweta, akamimina uji kwenye chupa ya chai na kutoka.

Alimkuta mumewe penye ghala, juu ya ngazi, kinyago cha kuchomelea usoni, ngazi ikicheza. Aliyepaswa kuishika alikuwa ameitwa kukata vyuma. Mwanamke akaweka chupa chini, akaikamata ngazi kwa mikono yake ya kukanda unga, ikatulia.

Mwenye karakana akasogea. "Shemeji, si nimesikia unaumwa?"

"Naumwa."

"Sasa mbona hupumziki?"

"Ndiyo napumzika hivi. Nyumbani nimeshindwa."

Mwenye karakana akajikuna kichwa. "Mwakani viwanda vya kati, mwaka unaofuata na sisi tutafikiwa."

"Na homa niiambie irudi mwaka huo?"

Mwenye karakana aliondoka taratibu, akajifanya ana simu ya kupiga.

Juu, cheche zikakoma. "Mama watoto! Nani kakuruhusu kuja?"

"Mgonjwa haulizwi uji. Shuka unywe."

Alishuka, akanywa bila kumtazama mkewe usoni, kisha akapanda tena. Hivyo ndivyo Kiguu na Njia alivyoimaliza siku yake ya kwanza ya kulipwa akiwa mgonjwa: homa chini, homa juu, na ngazi katikati.