Kimoja Kila Saa Nane

Mwaka nilipomaliza chuo na kupata cheti cha fundi sanifu wa dawa, serikali ilikuwa imeacha kutupangia vituo kama ilivyowapangia waliotutangulia. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yakifunguliwa mjini Mwanza karibu kila mtaa, nami nikapata kazi katika mojawapo, Nyamagana, jirani na soko. Niliyefanya naye kazi alikuwa mama mmoja aliyekuwa muuguzi wa serikali mpaka alipopunguzwa kazini. Yeye alijua watu. Mimi nilijua vitabu, na kila nilichokijua kilinitia hofu.

Vidonge tulivitia kwenye bahasha ndogo za karatasi, na juu yake tukaandika "1 x 3", yaani kimoja, kutwa mara tatu. Maneno hayo yalininyima raha. Si watu husema mchana kutwa na usiku kucha? Je, mgonjwa akimeza vyote vitatu kabla jua halijazama, kisha dawa imwishie mwilini mpaka asubuhi? Chuoni tulifundishwa kwamba dozi ziachane kwa muda ulio sawa. Niliwaza jambo hilo wiki nzima.

Jumatatu moja mchana, mama akiwa stoo, akaja mzee mmoja na mkewe wakiwa na cheti cha hospitali. Mzee alikuwa na kichomi. Aliandikiwa amoksilini, vile vidonge vya rangi mbili, ishirini na kimoja, vya siku saba. Nikaona hapa ndipo pa kuandika vizuri zaidi. Nikaandika kwa herufi kubwa: KIMOJA KILA SAA 8.

"Msikose hata mara moja," niliwaambia.

"Hatukosi, dokta," alijibu mkewe. "Sisi tuko Kamanga, mzee anatengeneza baiskeli pale kivukoni. Siku ukivuka, utusalimie."

Alhamisi mchana mama alichukua mkoba wake. "Naenda kula," alisema. "Nitarudi saa nane."

Kalamu yangu ikasimama. Nilikuwa naandika bahasha ya mgonjwa mwingine, maneno yale yale. Saa nane. Saa ambayo watu wa mjini wanamaliza ugali wao.

"Mama, kuna mtu nimemwandikia kila saa nane."

Alicheka. "Umeanza tena. Juzi ulimkimbilia mtu mpaka stendi kumwambia asinywe tetrasaiklini na maziwa, kumbe ulimpa ya kupaka machoni!"

"Sikuandika 'baada ya', mama. Kila saa nane. Atakuwa anameza kimoja kwa siku."

Akaacha kucheka. "Anaumwa nini?"

"Kichomi. Yuko Kamanga, ng'ambo ya kivuko."

Aliweka mkoba chini. "Vuka sasa hivi. Waambie wafuate saa sahihi za dawa kuanzia leo, na asirundike dozi alizokosa. Ukimkuta ana homa au anahema kwa shida, usimpe ushauri wowote. Mrudishe hospitali."

Kwenye kivuko sikukaa. Nilisimama karibu na mlango, kana kwamba ningefika kabla ya wenzangu, nikapiga hesabu. Tangu Jumatatu mchana alipaswa kuwa amemeza kumi. Kwa kosa langu alikuwa amemeza vinne. Bahasha ingekuwa na kumi na saba. Na kama mzee ameshafariki? Nitasema mimi ni nani? Nitapeana mkono na wafiwa kabla ya kusema au baada?

Sikulazimika kuuliza nyumba. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pake, hapo hapo kivukoni, shuka mabegani, akimwelekeza jirani namna ya kunyoosha rimu ya baiskeli. Alikohoa, lakini alikuwa anahema vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe, dokta? Umetufuata mpaka huku?"

Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa na joto la kawaida. Nikaomba bahasha, nikamimina vidonge kiganjani, nikahesabu mara mbili. Kumi na vinne. Nikahesabu mara ya tatu.

"Umemeza saba?" nilimuuliza.

Mkewe alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Si ulisema kila saa nane? Kwani saa nane ziko ngapi? Ipo ya mchana, ipo ya usiku. Nimekuwa naamka na saa ya mezani, namnywesha, nalala tena. Hatujakosa hata mara moja."

Alisema hivyo kwa fahari, macho yake mekundu kwa usingizi. Nilijaribiwa kusema kwamba hospitali imebadilisha saa. Ingekuwa rahisi, na angenishukuru.

"Mama, nimekosea mimi," nikasema. "Nilitaka kila baada ya saa nane. Mara tatu. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku."

Aliichukua bahasha mkononi mwangu. "Yaani nimeamka siku tatu kwa ajili ya kalamu yako?"

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikainuka, akanionyesha kwa mkono nikae.

"Andika upya," mkewe akasema. "Halafu usome kwa sauti, nikuambie mimi nimesikia nini. Ndipo uondoke."

Nikaandika: asubuhi kimoja, mchana kimoja, usiku kabla ya kulala kimoja. Nikasoma. Akarudia, neno kwa neno, na saa zake. Tangu siku hiyo sijampa mtu dawa bila yeye kunirudishia maneno yangu, na mama wa dukani hakunicheka kwa hilo.

Wiki iliyofuata mzee alikuja dukani mwenyewe, amepanda baiskeli. Aliweka bahasha tupu mbele yangu.

"Mimi nimepona," alisema. "Ila mke wangu bado anaamka saa nane ya usiku. Dawa yake unayo?"