Kumpandisha Mama Mkwe Kutoka Mai Mahiu

Haron Mokaya hufunga mapazia katika nyumba za watu. Duka linalomtuma liko katikati ya jiji la Nairobi, yeye anaishi Kinoo, na kati ya sehemu hizo mbili ana kigari cheupe cha injini ya lita moja. Barabara ya Waiyaki Way, yeye na kigari wanaelewana nayo. Mlima hawakuwa wameujaribu.

Asubuhi moja basi lililombeba mama mkwe wake liliharibika Mai Mahiu, ndani ya Bonde la Ufa, chini kabisa ya mlima wa kupandia Nairobi. Mama alikuwa akitoka Kisii kuja kumwona mjukuu wake wa kwanza. Ivyne, mkewe Haron, mshono wa upasuaji ulikuwa haujapona. Akabaki Haron.

Kushuka hakukumsumbua. Alichohofia ni kupanda. Kwao Kisii mwanamume na mama mkwe hawashikani mikono, hawakazi macho usoni, hawaongei ovyo. Gari likikataa mlimani, ingebidi amwambie mama wa mkewe ashuke, atembee kando ya malori. Aibu kama hiyo kwao haizeeki.

Alimkuta ameketi juu ya gunia la unga wa wimbi, mwanamke wa mwili, kuku mapajani. Alimsalimu akitazama mkungu wa ndizi uliokuwa kando yake. Akampakia nyuma pamoja na mizigo yake, kisha akakigeuza kidogo kioo cha ndani, kimwonyeshe barabara tu.

Aliweka gia ya mlima, akakanyaga mafuta polepole, kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Mbele yao lori lilitambaa. Kila lilipopunguza mwendo, kigari kilipoteza pumzi, na mshale wa joto ukapanda. Dawa Haron aliijua: afungue hita, joto la injini lihamie ndani. Lakini mama alikuwa amevaa sweta mbili kwa ajili ya baridi ya Nairobi.

Haron akakohoa.

"Kuku," akasema, "vumilia joto kidogo. Injini inachemka."

Kisha akasikia sweta ikivuliwa, na ya pili.

"Kuku amesikia," mama akasema. "Anauliza, akishuka itasaidia?"

"Kuku akae tu. Tutafika."

Kwenye kona lori lilisimama, nao wakasimama. Lilipoondoka, Haron alikanyaga mafuta. Gari likanguruma, likarudi nyuma kiasi cha unyayo. Akavuta breki ya mkono. Akajaribu tena, likarudi tena. Alijua la kusema, na mdomo haukufunguka.

Mlango wa nyuma ndio uliofunguka. Mama alishuka bila kuambiwa, akamwacha kuku kitini, akatangulia kupanda huku ameshika rinda lisipeperushwe na upepo wa malori. Gari likawa jepesi, likajikokota, likashika njia. Haron alimfuata taratibu, taa za hatari zikimetameta, akitazama visigino vya mama mkwe wake kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kutazama.

Barabara ilipopungua mwinuko, karibu na wauza ngozi za kondoo, akasimama. Mama aliingia akihema. Haron aliweka chupa ya maji kwenye kiti, karibu na kuku, si mkononi mwa mama.

"Kuku," akasema, "nisamehe."

Walipita Rironi, wakapita Kikuyu, na nyuma hakukuwa na neno. Haron aliendesha akijua kuwa jioni hiyo habari itapigwa simu hadi Kisii, na kwamba siku atakapoenda ukweni, watu watamwona yeye na kuiona barabara ile.

Kinoo, Ivyne alikuwa mlangoni, mtoto kifuani.

"Hiyo gari ilipanda kweli?" akauliza.

Mama alikuwa akinawa mikono kabla ya kumpokea mjukuu. Alinawa hadi viwiko, bila haraka.

"Ilipanda vizuri," akasema. "Mimi nililala njia yote."

Ivyne alitazama viatu vya mamake, vyeupe kwa vumbi la mlima. Alimkabidhi mtoto.

Haron akatoka nje kuuchukua unga.